Swali la Kurudi Nalo Nyumbani: Miaka Yangu na Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa

Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kina vipande vitatu tu vya RNA, yaani uzi unaobeba maelekezo yake ya urithi, na herufi zake zote kwa pamoja ni kama 12,000. Ng'ombe, kama binadamu, ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Bado kile kidogo humwangusha huyu mkubwa. Namna kinavyofanya hivyo ndilo swali lililobeba maisha yangu ya kazi. Nimeamua kuisimulia safari yote, pamoja na mambo ambayo hayaandikwi kwenye tasnifu, kwa sababu vijana wanaotaka kuingia kwenye fani hii huniuliza yaleyale ambayo mimi nilikosa mtu wa kumwuliza.

Mwaka 2007 nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mvua kubwa za mwisho wa 2006, zilizozaa mbu wanaoeneza kirusi hiki, zilikuwa zimeibua ugonjwa Garissa, upande wa Kenya, na mwanzoni mwa mwaka ukaingia kwetu: Arusha, Manyara, kisha Dodoma, mkoa nilikozaliwa na ulioumia kuliko yote. Nchini walifariki watu zaidi ya 100. Mabucha yalikosa wateja, wachoma nyama wakazima majiko, minada ikasimama. Wafugaji wa Kongwa, wilaya mojawapo ya Dodoma, hawakuhitaji maabara iwaambie kwamba kuna balaa. Waliona mbuzi na kondoo wakitupa mimba zizi zima, na ndama wakifa kabla ya kuchangamka. Ambacho wengi hawakukijua ni kwamba anayeokota kitoto cha mnyama kilichotupwa kwa mikono mitupu, au anayemchinja mnyama mgonjwa ili asipotee bure, yuko hatarini zaidi kuliko jirani yake anayeumwa na mbu tu.

Siku moja nilifuatana na timu ya kuchukua damu ya mifugo. Mzee mwenye boma alitushikia mbuzi wake mmoja mmoja bila kulalamika. Tulipofunga vifaa akaniita pembeni. "Mwanangu, hiyo damu mnaipeleka wapi, na majibu yake yanarudi lini?" Nikamwambia yatarudi. Hayakurudi kijijini, hata baada ya kupimwa. Nilikuwa mwanafunzi tu, sikuwa na amri juu ya sampuli wala majibu, lakini swali la yule mzee limenielekeza kwenye kazi kuliko mhadhara wowote niliousikia chuoni.

Nieleze kidogo sayansi yenyewe, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Mwaka 1957, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli iliyoshambuliwa na virusi hutoa kitu kinachozuia virusi visishambulie seli nyingine. Wakakiita interferoni. Ni kama mtu aliyevamiwa usiku anayepiga yowe: yeye mwenyewe huenda asipone, lakini majirani huamka na kufunga milango. Seli ina vihisio vinavyotambua RNA ngeni. Vikishaitambua, taarifa hupelekwa hadi kwenye kiini, ambako protini kadhaa hukusanyika mbele ya jeni ya interferoni na kuiwasha. Interferoni ikitoka nje hugusa seli za jirani, na huko nako huwashwa mamia ya jeni za ulinzi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga ya siku za mwanzo ni suala la jeni gani imewashwa, saa ngapi, na nani ameizima.

Kirusi chetu huzima. Kina protini iitwayo NSs, na ajabu yake ni kwamba kirusi huzaliana nje ya kiini cha seli, lakini protini hiyo huingia ndani ya kiini na kujipanga kuwa nyuzi ndefu unazoweza kuziona kwa darubini. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba NSs ndiyo inayokiwezesha kirusi kuishinda interferoni. Mwaka 2004 ikajulikana kwamba inavuruga TFIIH, mojawapo ya mitambo ambayo seli huitegemea kunakili jeni zake kuwa RNA, ambayo ndiyo husomwa kutengeneza protini. Mwaka 2008 ikaonekana inafanya jambo la tatu, la kulenga zaidi: hushikana na protini ya seli iitwayo SAP30 na kuibakiza jeni ya interferoni katika hali ya kufungwa. Niliposoma andiko hilo la 2008 nilikuwa Morogoro, kwenye kompyuta ya maktaba, na nilijua hapo hapo ninachotaka kufanya.

Shahada ya uzamili niliipita haraka, nikipima kingamwili za mifugo, na sina mengi ya kusimulia. Kutafuta nafasi ya uzamivu ndiko kulikochukua nguvu. Hapa nina la kusema kwa msisitizo: usiandike kwa profesa barua ya jumla. Soma maandiko yake mawili au matatu, chagua kielelezo kimoja, uliza swali ambalo hakikulijibu. Barua zangu za mwanzo, zilizojaa "ninapenda sana utafiti", hazikujibiwa. Ile iliyouliza kwa nini jaribio fulani lilifanyika kwa seli za binadamu tu na si za ng'ombe ilijibiwa kesho yake. Na kabla hujakubali nafasi, tafuta wanafunzi waliokwishaondoka kwenye maabara hiyo, maana waliomo hawawezi kuwa huru. Waulize walimaliza kwa muda gani, nani anatangulizwa jina kwenye maandiko, na msimamizi hufanya nini jaribio likigoma.

Nilikwenda Ujerumani, mji mdogo wa chuo. Baridi na upweke vimeandikwa na wengi. Mimi niseme kuhusu maabara. Kirusi halisi kilishughulikiwa kwenye maabara ya usalama daraja la 3: unavaa suti na kipumulio, hewa inavutwa kwenda ndani, hakuna kinachotoka bila kuchemshwa au kuuawa kwa dawa. Mafunzo ya kuruhusiwa kuingia peke yako ni ya miezi. Ukiwa unapanga ratiba ya uzamivu, usihesabu muda huo kama muda wa kupata matokeo.

Somo la kwanza nililolipata huko ni kuijua seli unayoitumia. Karibu kila maabara ya virusi hukuza virusi kwenye seli za Vero, zilizotokana na figo ya tumbili huko Japani mwaka 1962. Virusi huzipenda sana, na sababu mojawapo ni kwamba jeni zake za interferoni zimepotea. Ni nzuri kwa kukuzia, lakini kwa swali langu zilikuwa na mtego. Kirusi kinachokuzwa muda mrefu mahali pasipo na interferoni hakina haja ya silaha yake. Watafiti wa Paris walionyesha mwaka 2011 kwamba kirusi hiki kikipitishwa mfululizo kwenye aina moja tu ya seli, za mamalia au za mbu, hupoteza vipande vikubwa vya jeni ya NSs. Kikipokezanishwa kati ya hizo mbili, hubaki kizima. Kwa hiyo kila chupa ya kirusi tuliyoifungua tulisoma kwanza jeni yake ya NSs. Fanya hivyo hata kama chupa imeandikwa kwa mkono wa mtu unayemheshimu.

Na pima mikoplazma. Ni bakteria wadogo wasioonekana kwa darubini ya kawaida ya maabara, hawafanyi maji ya kuoteshea yawe na ukungu, lakini huamsha kinga ya seli kimyakimya. Seli tulizopewa na maabara rafiki zilikuwa nao. Miezi ya vipimo vya interferoni, vyote vikionyesha kwamba seli "zimeshawashwa" kabla hatujazigusa, ikaenda na maji. Kipimo chenyewe ni PCR, mbinu ya kurudufu vinasaba hadi vipimike, na huchukua mchana mmoja. Siku hizi seli mpya haziingii kwenye chumba chetu bila karatasi ya kipimo hicho, na tunakirudia kila mwezi.

Kisha nikapata ujauzito.

Sheria ya Ujerumani ya kulinda wajawazito kazini iko wazi: mwanamke mjamzito hagusi vimelea hatari. Na kirusi hiki ndicho kinachoangusha mimba za mifugo. (Baadaye, mwaka 2016, utafiti uliofanyika Port Sudan ulikihusisha na kuharibika kwa mimba za wanawake pia.) Nilipomwambia msimamizi wangu, kadi yangu ya mlango wa daraja la 3 ilifungwa siku ileile. Nilikubali moyoni kwamba ni haki, na bado nililia. Nilikuwa nimetumia zaidi ya mwaka kujifunza kuingia mle. Mume wangu alikuwa Morogoro. Mkataba wa ufadhili wangu haukusema lolote kuhusu likizo ya uzazi, na ofisi iliyonilipa ilinijibu kwa barua pepe ya mstari mmoja kwamba muda hauongezwi. Ulikuja kuongezwa baada ya afisa wa usawa wa chuo kuandika kwa niaba yangu. Dada zangu mnaokwenda kusoma nje: ombeni kifungu cha uzazi kionekane kwenye mkataba kabla ya kusaini, hata kama hamna mpango wa kuzaa, na siku ya kwanza chuoni ulizieni ofisi ya usawa iko wapi. Mimi niliifahamu kupitia mfanya usafi.

Nilibaki na kazi ya plasmidi, vipete vidogo vya DNA vinavyobebeshwa jeni, yaani kuiweka jeni moja ya NSs ndani ya seli bila kirusi. Wenzangu waliiona kama kazi ya kupitishia muda. Ndiyo iliyonifanya mtafiti.

Jaribio lenyewe hutumia mwanga. Unachukua swichi ya jeni ya interferoni, unaiunganisha na jeni ya kimulimuli inayotengeneza lusiferasi, unaingiza kwenye seli. Swichi ikiwashwa, seli hutoa mwanga na mashine huuhesabu. Pembeni unaweka lusiferasi ya pili, ya kiumbe wa baharini aitwaye Renilla, iliyo kwenye swichi isiyohusika na kinga. Unagawanya mwanga wa kwanza kwa wa pili, ili kama kisima kimoja (kitundu cha sahani ya majaribio) kina seli chache kuliko kingine hesabu ijisawazishe. Kila kitabu cha mbinu kinafundisha hivyo.

Nilipoweka NSs, matokeo yalisema haifanyi chochote. Uwiano ulikuwa uleule. Nikarudia, nikabadilisha seli, nikabadilisha mkono. Uwiano uleule. Msimamizi akaanza kudokeza kwamba labda tubadilishe mada. Kilichotuokoa ni kuacha kuangalia uwiano na kuangalia namba ghafi, mwanga wa kimulimuli peke yake na wa Renilla peke yake. Zote mbili zilikuwa zimeporomoka. NSs haizimi swichi moja. Kwa kuivuruga TFIIH hupunguza unakili wa jeni kwa ujumla, ikiwemo ile jeni ya kulinganishia. Ukigawanya kilichoporomoka kwa kilichoporomoka unapata namba nzuri isiyosema kitu. Na kulikuwa na la pili: jeni ya NSs yenyewe ilikuwa kwenye plasmidi, inahitaji kunakiliwa kama nyingine. Protini ya kwanza kutengenezwa ilikuwa inazuia nyingine zisitengenezwe, ndiyo maana tulipoitafuta kwa kingamwili tuliona kivuli tu.

Njia iliyofanya kazi, na ambayo watafiti wengine walikwishaitumia, ni kutengeneza RNA ya NSs nje, kwenye mrija, na kuiingiza seli ikiwa tayari. Haihitaji kunakiliwa, kwa hiyo haiwezi kujizima. Kwa kulinganisha tuliingiza RNA ya protini isiyohusika, ya urefu unaokaribiana. Badala ya Renilla tulisawazisha kwa kiasi cha protini yote kwenye kisima. Kwenye PCR ya kupima wingi wa RNA tuliacha jeni za kawaida za kulinganishia na kutumia RNA ya ribosomu (mitambo ya seli ya kutengeneza protini), ambayo hudumu muda mrefu ndani ya seli. Kama unatafiti kirusi chochote kinachoingilia unakili wa jeni, hili ndilo ningependa uondoke nalo: kabla hujaamini uwiano, chapisha namba zake mbili ukutani. Mhakiki mmoja wa jarida alitutaka turudishe Renilla "kwa sababu ndiyo desturi". Tulimpelekea namba ghafi. Hakuandika tena juu ya hilo.

Mwanangu alizaliwa majira ya kuchipua. Mama yangu alikuja kwa viza ya miezi mitatu, na alipoondoka sehemu kubwa ya posho ilikwenda kwa mlezi wa mtoto. Kwa miaka miwili sikuweka akiba hata senti. Hili huwa halisemwi kwenye mikutano ya kuhamasisha wasichana kusoma sayansi, na lisemwe.

Suala la sampuli lilikuja mwishoni. Tulitaka kulinganisha NSs ya virusi vya mlipuko wa 2007 wa kwetu na ile ya Misri ya 1977, ambayo ndiyo asili ya kirusi dhaifu cha MP-12 kinachotumika maabara nyingi. RNA yao isiyoweza kuambukiza ilikuwepo Ulaya, imetoka Tanzania. Niliambiwa siwezi kuichapisha bila idhini ya taasisi ya tatu, kwa sababu makubaliano ya uhamisho yalisainiwa miaka mingi kabla sijajiunga na hayakutaja mtafiti yeyote wa Kitanzania. Idhini ilichukua muda mrefu kuliko majaribio yenyewe. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inadai nchi yenye rasilimali za kibaiolojia ipate mgawo wa haki, lakini haki hiyo huandikwa, au huachwa, kwenye karatasi inayosainiwa siku sampuli inapoondoka. Ukiwa unatoa sampuli leo, andika majina ya watakaoichambua, nani ana haki ya kuchapisha, masalia yanarudi lini, na majibu yanawafikiaje wenye mifugo.

Nilirudi nyumbani mwaka 2017. Marafiki walinishauri nibaki, na sababu zao zilikuwa za maana. Nilirudi kwa sababu swali langu lilikuwa la ng'ombe wa Kongwa, na Ulaya nilikuwa nalijibu kwa seli za binadamu na tumbili.

Mwaka wa kwanza sikufanya jaribio hata moja la maana. Vitendanishi vinavyofika Ujerumani kesho yake, huku huagizwa kwa miezi, na vile vinavyosafiri kwenye barafu kavu vikikaa forodhani mwisho wa wiki hufika vimeyeyuka. Sasa naagiza kwa utaratibu huu: mzigo uondoke huko Jumatatu, wakala wa forodha alipwe kabla haujatua, na nyaraka za kibali ziambatanishwe nje ya boksi. Chochote kinachopatikana kikiwa kikavu, nanunua kikavu, hata kama ni ghali zaidi. Umeme unakatika, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri lina jenereta, lakini jenereta bila mtu mwenye funguo usiku ni pambo. Weka kwenye andiko lako la kuomba fedha mshahara wa mtu huyo, mafuta, na mkataba wa matengenezo. Wafadhili huuliza kwa nini. Waeleze, kwa namba, thamani ya sampuli zilizomo ndani.

Vibali navyo vina mpangilio wake. Cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), cha wizara inayohusika na mifugo kwa kusafirisha sampuli, na cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kama utagusa damu ya watu. Anza vyote kwa pamoja, maana kimoja kikisubiri kingine mwaka unakwisha.

Kisha ikabidi nikubali kwamba sina maabara ya daraja la 3 na sitaipata karibuni. Niliona wenzangu waliorudi wakikaa miaka wakisubiri vifaa vya kuendeleza kilekile walichokifanya nje, na wakazimika. Nikaligeuza swali. Wafugaji na madaktari wa mifugo wamesema kwa miaka mingi kwamba ng'ombe wa kigeni huumizwa na ugonjwa huu kuliko wa asili. Je, seli za zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, hupiga yowe mapema zaidi? Kuuliza hivyo hakuhitaji kirusi. Kuna RNA ya kutengenezwa, poly(I:C), ambayo seli huidhania kuwa ya virusi na kuwasha interferoni. Haiambukizi, inakuja kavu, inakaa kwenye jokofu la kawaida hadi utakapoichanganya. Seli tunazipata machinjioni: kipande cha ngozi ya sikio kutoka kwa mnyama aliyekwishachinjwa na kukaguliwa, kinachooshwa kwa dawa na kukatwakatwa, na baada ya siku kadhaa seli za ngozi zinaanza kutambaa kwenye sahani. Tunapima interferoni na jeni zinazoifuata kwa PCR, halafu tunaingiza RNA ya NSs, ileile mbinu niliyoiokota nikiwa mjamzito, kuona nani anazimika kwa urahisi.

Ugumu uliopo sasa ni wa wanyama wenyewe. Ng'ombe wa machinjioni wengi ni chotara, kwa hiyo inabidi kusoma vinasaba vya kila mmoja kabla ya kumwita zebu au wa kigeni. Umri na lishe navyo hubadilisha namna seli zinavyojibu. Tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe wa aina moja imekuwa kubwa kuliko tulivyotarajia, na sitaki kutangaza jibu ambalo wanyama wengine 20 wanaweza kulipindua. Tukipata tofauti ya kweli, hatua ya mwisho ya kutumia kirusi kizima itafanywa na washirika wenye maabara ya daraja la 3. Makubaliano tumekwishasaini nao, yana majina ya wanafunzi wangu wawili, na yana kifungu kinachotaka matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye vijiji vya wafugaji kabla ya kupelekwa kwenye jarida.